Kamba Yenye Uzi Mwekundu

Nilikuwa mke wa miezi minne tu siku nilipouzuia usomaji katika sinagogi la Zavrotke, na mpaka leo nikiikumbuka siku ile moyo hunidunda kama ulivyonidunda nikishuka zile ngazi.

Mume wangu Lemel alikuwa mlinzi wa kamba ya mji. Kamba ile iliizunguka Zavrotke yote, nguzo hadi nguzo, juu ya vichwa vya watu. Ilipita nyuma ya nyumba ya kuogea, ikashuka kando ya mto, ikavuka barabara pale darajani, ikapanda hadi kwenye ukuta wa makaburi na kurudi. Maadamu ilikuwa nzima, mji wote ulihesabiwa kuwa ua mmoja, na siku ya Sabato mtu aliweza kutoka kwake na ufunguo mfukoni, au kitabu mkononi, au mtoto kifuani. Ikikatika, hata mahali pamoja tu, mji si ua tena, na sheria yetu haimruhusu mtu kubeba kitu nje ya ua siku ya Sabato, hata leso.

Ndiyo maana kila Ijumaa Lemel aliikagua yote, jua likiwa bado juu. Kwa kazi hiyo, na kwa kuwasha jiko la sinagogi asubuhi za baridi, alipewa mshahara mdogo na chumba kimoja nyuma ya ghala la kuni. Chumba kilikuwa na dirisha moja na meza iliyoyumba. Nilikipenda kuliko nyumba yoyote niliyokaa baadaye.

Lemel alikuwa mtu wa sauti ndogo. Mbele ya watu wawili alizungumza polepole, mbele ya watatu alinyamaza. Jioni ya Ijumaa, kabla ya chakula, kila mume kwetu humwimbia mkewe ule wimbo wa kumsifu mke mwema, yule anayeamka kabla ya kucha na kusokota sufu na kitani. Katika nyumba nyingine wanaume waliunguruma mpaka vioo vikatetemeka. Lemel aliniimbia kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekwisha kulala. Ilinibidi nisogeze kiti ili nisikie. Nikasogeza.

Na kweli kusokota nilijua. Nilitengeneza kamba za kitani na kuziuza sokoni kila Jumanne. Ndani ya kila kamba nilitia uzi mmoja mwekundu, kama nyanya yangu alivyonifundisha, ili kamba yangu nikiiona popote niijue.

Sasa sikilizeni. Ijumaa ile mvua za vuli zilikuwa zimekatika, na Lemel akarudi mbio katikati ya ukaguzi wake, viatu vimejaa tope.

"Hinde, ile ya darajani imechoka," akasema.

"Imekatika?"

"Bado. Lakini sijaipenda."

Ndivyo alivyokuwa. Kitu kikiwa kizima lakini hakijampendeza, hakulala. Nilikuwa na kamba mpya, nene, iliyobaki kumaliziwa ncha tu. Mwenye mabanda ya mbuzi aliiagiza kwa siku ya soko. Nikaifunga ncha, nikamwachia jirani mikate yangu aiangalie, tukaenda pamoja. Nilimshikia ngazi. Alifunga fundo upande huu wa barabara, akaivuta kamba mara tatu kwa uzito wake wote, ngazi ikalia. Akavuka, akafunga upande wa pili, akavuta tena mara tatu.

"Lemel, unataka kuing'oa nguzo?"

"Nataka kulala usingizi," akasema, akacheka.

Tulirudi mapema. Mikate ilikuwa imeiva vizuri, na jirani alikuwa ameipaka yai juu bila kuombwa. Nikawasha mishumaa. Lemel akaimba, nikasogeza kiti. Usiku ule alilala usingizi kweli.

Asubuhi ya Sabato niliketi mahali pangu katika roshani ya wanawake, mstari wa nyuma, maana nilikuwa mgeni katika mji ule na sikuwa na jamaa. Kando yangu aliketi Dobe mkunga, mwanamke mnene mwenye mikono mikubwa, aliyewapokea nusu ya wale waliokuwa wakisali chini na hakumwogopa hata mmoja wao. Mbele kabisa, kwenye wavu wa mbao, alikaa Shprintze, mke wa Mzee Getzl mwenyekiti wa sinagogi. Huyo Shprintze ndiye aliyekuja kwangu wiki ya kwanza ya ndoa na kuku aliyekwisha nyonyolewa, akamweka mezani akasema, "Huyu amezidi kwangu," akaondoka kabla sijamshukuru. Kuku hakuwa amezidi. Niliona baadaye kwamba Ijumaa ile yeye mwenyewe alipika maini tu.

Sala ya asubuhi ilikwisha. Ulifika wakati wa kulitoa gombo la Torati na kulisoma. Ndipo Mzee Getzl alipopanda jukwaani na kuipiga meza kwa kiganja, pwaa!

Getzl alikuwa mfanyabiashara wa mbao na nyasi za farasi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita magari ya farasi.

"Jamani! Kabla hatujasoma, mnijibu. Nani kati yenu amekuja hapa leo na kitu mfukoni?"

Watu wakatazamana. Nani asiyekuja na kitu?

"Basi mmeivunja Sabato, ninyi nyote, na mimi pamoja nanyi! Nimepita darajani asubuhi hii. Kamba imekatika! Haipo! Nguzo zinatazamana kama watu waliogombana!"

Hamjapata kusikia kelele kama zile. Wanaume walitoa leso mifukoni kama zinawaka moto, wakazifunga viunoni, maana kilichovaliwa si mzigo. Mwingine aliutua ufunguo wake dirishani kama mtu anayetua yai. Mwuza ngozi alikibusu kikopo chake cha ugoro na kukiacha juu ya rafu, akisema, "Mpaka kesho, mpenzi." Na huku juu akina mama waliokuja na watoto wachanga wakaanza kulia, maana watawarudishaje nyumbani?

Rabi Ziskind, aliyekuwa mzee sana, aliinuka kitini polepole.

"Getzl, mwanangu," akasema, "si ungekuja kuninong'oneza mimi kwanza? Mtu aliyebeba bila kujua hana kosa kubwa. Sasa umetujulisha wote kwa mpigo, na tumekwama wote."

"Nilitaka wajue, Rabi! Wajue ni kazi ya nani! Kamba imeoza kwa sababu mlinzi wake hatoki kitandani. Ameoa, ana mke kijana, Ijumaa imekuwa fupi kwake!" Baadhi ya watu walicheka kicheko kibaya. "Nasema hivi: Jumapili asubuhi achukue vyombo vyake. Chumba kitakaliwa na mtu mwenye macho."

Nilimtafuta Lemel kupitia wavu. Alisimama kando ya jiko alilokuwa amelijaza moto jana yake kabla ya Sabato, na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wameshajitenga naye hatua moja. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Akafumbua mdomo. Nikashika wavu nikingoja. Akasema kwa ile sauti yake:

"Labda... labda nilifunga vibaya."

Labda! Mtu aliyevuta mara tatu mpaka ngazi ikalia!

Lakini niwaambie ukweli, sikuinuka mara moja. Mama yangu aliniasa siku ya harusi nisipandishe sauti mbele ya wanaume wa mji ule. Mke mwema, alisema, huonekana kwenye shati safi la mumewe. Na niliogopa jambo jingine pia. Nikimsemea mume wangu hadharani, si watasema mlinzi wa kamba hana hata ulimi? Nitamtoa katika aibu moja na kumtia katika nyingine.

Dobe alinisukuma kwa kiwiko. "Wewe ulikuwa naye jana. Niliwaona na ngazi."

"Ndiyo."

"Sasa unangoja nini? Mvua?"

"Mama Dobe, naogopa."

"Ogopa ukiwa unatembea. Usipoinuka nitakuinua mimi, na unajua mikono yangu. Nimewatoa watu mahali pagumu kuliko benchi hili."

Kwetu kuna haki moja ya tangu zamani. Yeyote aliyeonewa, awe mjane, awe maskini, awe mgeni, anaweza kusimama mbele ya gombo kabla halijatolewa na kusema anazuia usomaji, na hapo hakuna asomaye neno mpaka mtu yule asikilizwe. Nilikuwa nimewahi kusikia habari zake. Kuiona sikuwahi.

Nikashuka ngazi. Zilikuwa kumi na tisa, na kila moja ilipiga kelele chini ya viatu vyangu. Nikaingia upande wa wanaume. Walinipisha kama maji yanavyopisha bata, kwa mshangao zaidi kuliko heshima. Nikapita mpaka mbele ya kabati la gombo, nikageuka, nikaweka mgongo wangu kwenye pazia.

"Nazuia usomaji!" nikasema.

Sauti ilinitoka kubwa mpaka nikashtuka mwenyewe.

"Shuka hapo, mama," akasema Getzl. "Mumeo ana mdomo wake."

"Anao, Mzee Getzl, na mdomo huo haujawahi kumsema mtu vibaya, ndiyo maana haujazoea leo. Mimi nitasema nilichokiona. Kamba ya darajani haikuoza. Ni mpya. Nimeisokota mimi kwa mikono hii, na jana mchana Lemel aliifunga mbele ya macho yangu, nikiwa nimemshikia ngazi. Alivuta mara tatu upande huu na mara tatu upande ule. Mtu akisema mume wangu alilala, basi nami nilikuwa nimelala, na ngazi ilikuwa imelala, na daraja pia."

Juu kwenye roshani Dobe alicheka kwa sauti. Huo ulikuwa msaada mkubwa kwangu.

Getzl aliitikisa shali yake ya sala. "Jamani, tumefika huku? Mwanamke atushuhudie habari za kamba?"

"Mzee Getzl, jana usiku ulikula?"

"Hilo lahusu nini?"

"Ulikula?"

"Nilikula. Samaki."

"Nani alikuambia chungu kile ni halali, hakikuchanganya nyama na maziwa?"

Akasita. "Mke wangu."

"Ukamwamini, ukala, nina hakika ukalamba na vidole. Mji huu wote unakula kwa neno la wanawake asubuhi na jioni. Kwa chungu tunaaminika, kwa kamba tumekuwa waongo?"

Sasa walicheka wote, na kicheko hiki kilikuwa kizuri. Hata Rabi Ziskind alijishika ndevu. Kisha akainua mkono, pakawa kimya.

"Amesema sawasawa," akasema. "Katika mambo ya halali na haramu, neno la mtu mmoja linatosha, na mwanamke aliyeona ni sawa na mwanamume aliyeona. Lakini Getzl naye ameona nguzo zilizo tupu. Hatuwezi kusoma tukiwa na jambo hili kati yetu. Hinde, binti yangu, unataka nini?"

"Nataka twende tukatazame, Rabi. Wote. Sasa hivi."

"Sasa hivi!" wakapiga kelele vijana.

Na tukaenda! Sinagogi zima lilimwagika barabarani, wanaume na leso zao viunoni, shali za sala zikipepea mabegani, wanawake nyuma yao wakishikilia sketi zao juu ya tope. Walibaki akina mama wenye wachanga tu, na mmoja wao alitupigia kelele dirishani, "Mje mtuambie! Msiache hata neno moja!" Rabi hakutaka kuchukua fimbo yake, kwa kuwa kamba haikuwepo. Alisimama mlangoni akitazama huku na huku, na watu kumi walikuwa karibu wakitaka kumpa bega. Akawapita wote, akaenda mpaka kwa Lemel, akaegemea bega lake. Walitembea hivyo njia nzima, mzee na mume wangu, mbele ya kila mtu.

Tulipofika darajani nilitangulia mbio, sikuweza kujizuia. Nikainua macho kwenye nguzo ya kwanza.

"Fundo lipo!" nikapiga kelele. "Tazameni, fundo lipo!"

Lilikuwepo, limekaza kama ngumi. Chini yake kilining'inia kipande kifupi cha kamba, na ndani yake, wazi kabisa katika jua la asubuhi, uzi wangu mwekundu. Vijana walikimbilia nguzo ya pili.

"Na huku pia! Fundo limeshika! Uzi mwekundu upo!"

Mafundo yote mawili ya Lemel yalikuwa yameshika. Kamba yenyewe ilikuwa imekatika huku na huku, karibu na kila fundo, nyuzi zake zimechanuka kama ufagio, nyeupe na mbichi. Hakuna kitu kilichooza hapo. Na kile kipande kirefu cha katikati hakikuwepo, si juu, si chini, si majini.

"Kamba haina miguu," akasema mwuza ngozi. "Imekwenda wapi?"

Dobe alikuwa amesimama chini ya nguzo, mikono kiunoni, shingo ameirudisha nyuma. "Nami nina swali langu," akasema. "Tangu lini nyasi zikaota juu ya nguzo?"

Wote tukatazama. Kwenye kichwa cha nguzo, mahali ambapo hata mtu mrefu hafiki, kilikuwa kimekwama kishungi cha nyasi kavu. Kingine kilikuwa kwenye nguzo ya pili. Ni mzigo gani wa nyasi unaofika juu hivyo? Gari lililojazwa kupita kiasi. Na ni nani Zavrotke anayeleta nyasi kwa magari?

Hakuna aliyelitaja jina. Hakukuwa na haja. Macho yote yakamgeukia Getzl, na niliuona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayekumbuka mlango aliouacha wazi. Nilielewa pale pale kwamba hakujua. Asubuhi aliziona nguzo tupu na moyo wake wote ulimwambia kwamba ni uzembe wa Lemel. Hakuwa amedanganya. Alikuwa amekosea kwa sauti kubwa.

Lakini watu hawakuelewa hivyo. Manung'uniko yakaanza nyuma.

"Jana alichelewa, nilisikia magurudumu."

"Aliingia jua limekwisha kuzama!"

"Mwenyekiti wetu! Anaendesha gari ndani ya Sabato, kisha anamfukuza maskini!"

Maneno yale yalianza kupanda kama maziwa jikoni. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilifurahi. Nilitaka yapande zaidi. Kisha nikamwona Shprintze.

Alikuja akipenya katikati ya watu, mwembamba, kitambaa chake cha kichwa kimekaa upande. Alisimama kando ya mumewe. Akamshika pindo la shali, akasema kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa kuwa nilikuwa karibu tu:

"Getzl wangu, twende ukalifungue geti wewe mwenyewe. Usingoje walifungue wao."

Kisha akawageukia watu, na yule mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akiinua sauti hata kwa kuku wake, aliiinua.

"Nisikilizeni! Mume wangu alichelewa jana, kweli. Gurudumu lilimvunjikia msituni. Lakini aliingia uani kabla ya mishumaa yangu! Nilikuwa nimesimama na kiberiti mkononi, nimewasha baada ya yeye kuwafungua farasi. Kama gari lake limechukua kamba, atasema mwenyewe. Lakini mtu asimwite mvunja Sabato. Hakuivunja. Niliona kwa macho yangu."

"Mke atasema nini jingine?" akapiga kelele mmoja nyuma.

Hapo nilijikuta nimeruka juu ya gogo la daraja.

"Na mimi je, ni nani?" nikasema. "Si mke? Mmeniamini mimi kwa kamba ya mume wangu, sasa mwaminini Shprintze kwa gari la mume wake! Mwenye kumwita mwongo aniite na mimi, aanze sasa."

Hakuna aliyeanza. Shprintze alinitazama, na macho yake yalijaa maji, na nikafikiri: huyu ndiye kuku wako, mama, nimemrudisha kidogo.

Getzl aliivuta shali yake ikae vizuri, akatembea mbele yetu wote mpaka kwake, nyumba ya nne kutoka darajani. Akalifungua geti kwa mikono yake, akasimama kando ili kila mtu aone. Gari lilikuwa katikati ya ua, bado limejaa nyasi, na kutoka kwenye kigingi cha juu ilining'inia kamba yangu, ndefu, imejikunja mara mbili, ncha yake ikigusa ardhi kama mkia wa ng'ombe. Hakuna aliyeigusa, maana siku ya Sabato kitu cha kazi hakiguswi. Lakini uzi mwekundu ulionekana hata na wenye macho mabovu.

Getzl aliuangalia. Kisha akaita kwa ile sauti yake ya magari ya farasi, lakini safari hii ilitetemeka:

"Lemel! Nimekuita mzembe mbele ya watu hawa wote. Mbele ya watu hao hao nasema: mzembe nilikuwa mimi. Fundo lako lilikuwa imara kuliko akili yangu. Nisamehe."

Watu wote wakamgeukia Lemel. Masikio yake yalikuwa mekundu kama nyanya mbivu. Rabi bado alikuwa ameegemea bega lake. Lemel akanyoosha mkono, Getzl akaushika, wakakaa hivyo, na nadhani hakuna mmoja wao aliyejua jinsi ya kuuachia. Mwisho Rabi akakohoa na kusema gombo linatungoja.

Tulisoma kwa kuchelewa saa nzima. Sijawahi kusikia usomaji uliosikilizwa kwa furaha kama ule.

Kisha njaa! Katika mji wetu kila nyumba hupeleka chungu chake cha nyama na maharage kwa mwoka mikate siku ya Ijumaa, kikalala tanurini mpaka mchana wa Sabato. Bila kamba, nani angekibeba kwenda nacho nyumbani? Lakini duka la mwoka mikate liko katika ua ule ule wa sinagogi, chini ya paa moja, na Rabi alisema ndani ya ua hakuna ubaya. Basi vyungu vyote vya Zavrotke vilifunguliwa mahali pamoja. Waliobaki na wachanga walipewa wa kwanza. Wenye chungu cha mifupa walikula katika chungu cha wenye nyama, na hakuna aliyeuliza kipi ni cha nani. Nilimwona Getzl akimpakulia mwuza ngozi. Nilimwona Shprintze amempakata mtoto wa mtu asiyemjua ili mama yake ale kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimekaa na Lemel kwenye ngazi ya tanuri, na wasiwasi wangu wa asubuhi ukarudi. Sikujua kama alikuwa amenikasirikia. Ndipo mwuza ngozi, aliyeumwa na hamu ya ugoro na hivyo akatafuta utani, akapiga kelele kutoka upande wa pili wa ua:

"Ee Lemel! Huyo mkeo ana ndimi mbili!"

Ua mzima ukanyamaza kusikiliza. Kulikuwa na watu zaidi ya mia. Nilitamani tanuri linimeze.

Lemel alimeza maharage yaliyokuwa mdomoni. Akasimama.

"Ni kweli," akasema, na watu wote walimsikia. "Mmoja ni wangu. Nilimpa aniwekee, maana mimi hupoteza vitu."

Kicheko kilichofuata kiliwarusha njiwa kutoka paani. Dobe alinipiga mgongoni nikakaribia kuanguka ndani ya chungu. Lemel akaketi, akanisogezea kipande chake cha nyama, akaendelea kula kana kwamba husema mbele ya watu mia kila siku.

Jumapili asubuhi nilikaa mlangoni kusokota kamba nyingine. Shprintze alikuja na kitani chake na fungu la nyuzi za buluu, akaniomba tutie na uzi wake. Tukasokota pamoja, nyekundu na buluu, yeye akishika mwisho mmoja na mimi mwingine. Lemel alipopanda kuifunga darajani, aliyemshikia ngazi alikuwa Getzl. Alivuta mara tatu. Ngazi ikalia. Getzl akasema, "Vuta na ya nne, kwa ajili yangu," na akavuta.

Ijumaa iliyofuata niliwasha mishumaa, nikaweka mikate mezani, nikasogeza kiti changu karibu kama nilivyozoea. Lemel akasimama, akashika ukingo wa ile meza inayoyumba, akaanza kuimba ule wimbo wa mke mwema. Nikarudisha kiti nyuma. Kioo cha dirisha letu moja kilikuwa kinatetemeka. Nje niliwasikia watu wanaotoka sinagogi wakisimama.

"Lemel," nikanong'ona, "mji mzima unakusikia."

Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa kwamba anajua, akaenda akalifungua dirisha.